Mama Mdogo Alicheka Samaki Wangu 6.55

SWALI

Mwalimu, hujambo?

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hapa Kisumu. Nasomea biashara, na takwimu ni somo la lazima. Uwezekano nilikutana nao Kidato cha Tatu: sarafu, dadu, mipira ya rangi mbili ndani ya mfuko. Sikupata shida. Sasa tumeingia kwenye vigeu nasibu na nimekwama kabisa. CAT iliyopita, yaani jaribio la katikati ya muhula, nilipata 9 kwa 30. Swali la kwanza lilitaka tueleze kigeu nasibu ni nini. Niliandika "ni idadi isiyojulikana", nikapigwa kosa kwa kalamu nyekundu bila maelezo.

Naishi kwa mama mdogo, Kondele. Jioni yeye hukaanga samaki kando ya barabara. Omena na samaki wadogo hawamsumbui, wanaisha tu. Kazi iko kwa ngege wakubwa. Mmoja humgharimu shilingi 300, ukijumlisha bei ya kumnunua, mafuta na makaa. Humuuza 450. Akilala, asubuhi kuna mwenye hoteli anayemchukua kwa 250 akampike mchuzi.

Niliamua kumsaidia kwa hiki ninachosoma. Kwa jioni 40 niliandika daftarini ni ngege wakubwa wangapi walioulizwa, hata wale walioulizwa sinia likiwa tayari tupu. Jioni 4 waliulizwa 4. Jioni 6 waliulizwa 5. Jioni 10 waliulizwa 6. Jioni 8 waliulizwa 7, jioni nyingine 8 waliulizwa 8, na jioni 4 waliulizwa 9. Mvua ilinyesha jioni 10 kati ya hizo, na katika hizo za mvua ni moja tu ambapo walifika 8 au zaidi.

Nikakokotoa thamani tarajiwa nikapata 6.55. Nikamwambia, "Mama, kaanga saba. Faida ni 150 kwa samaki, kwa hivyo 6.55 mara 150, utarajie shilingi 982.50 kila jioni." Alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Na huyo nusu samaki nitamkaangia nani?" Yeye hukaanga 8, isipokuwa akiona mawingu meusi upande wa milima ya Nandi, hapo hupunguza. Hajawahi kukanyaga darasa la takwimu. Kinachoniuma ni kwamba nimefuatilia pesa zake na wastani wake haufiki hiyo 982.50.

Binamu yangu naye ana yake: wateja wakiwa wachache jioni tatu mfululizo, eti ya nne lazima wajae, tukaange 9. Na mwenzangu wa darasani ameniambia nitupe jedwali langu nitumie Poisson, kwa sababu ukihesabu wateja ni Poisson tu.

Kati yetu nani yuko sawa? Na hicho kigeu nasibu ni nini hasa?

Aliyechekwa,
Kondele

JIBU

Mwanangu Aliyechekwa,

Kabla sijakukosoa, nikusifu kwa jambo ambalo wengi wenye shahada hulikosea. Uliandika hata wale walioulizwa sinia likiwa tupu. Ungeandika waliouzwa peke yake, jioni zote za 9 zingesomeka 8, kwa sababu mama yako hukaanga 8 na hawezi kuuza asichokuwa nacho. Daftari lingekuambia kwamba hakuna anayemtaka wa tisa, na ungeliamini. Mauzo na mahitaji ni vitu viwili. Biashara nyingi zina rekodi safi ya cha kwanza na hazina habari yoyote ya cha pili.

Sasa kalamu nyekundu. Kigeu nasibu si idadi isiyojulikana. Umri wangu huujui, lakini haubadiliki kwa bahati. Kigeu nasibu ni kanuni inayochukua kila tokeo linaloweza kutukia na kulipatia namba moja. Tokeo lako ni jioni nzima ya Kondele pamoja na vurugu zake zote: nani alipita, nani alikuwa na pesa, nani aligombana na mkewe akaamua kula nje. Kutoka kwa jioni hiyo moja unaweza kuchomoa namba nyingi. X iwe idadi ya ngege walioulizwa. Y iwe faida ya mama yako kwa shilingi. Z iwe 1 mvua ikinyesha na 0 isiponyesha. Jioni ni ile ile, kanuni ni tatu, kwa hivyo vigeu ni vitatu. Kila kimoja kina jedwali lake la uwezekano, wala hakuna kinachoweza kusimama badala ya mwenzake. Shika hilo, maana kosa lako la pesa limetokea hapo hapo.

X yako ni ya aina ya kuhesabika, yaani thamani zake unaweza kuziorodhesha moja moja: 4, 5, 6, 7, 8, 9. Ukigawanya hesabu zako kwa 40 unapata uwezekano wa kila moja: 0.10, 0.15, 0.25, 0.20, 0.20, 0.10. Hakuna iliyo chini ya sifuri na zote pamoja ni 1. Jedwali likikosa moja kati ya masharti hayo mawili, usiendelee na swali. Rudi ukatafute ulipoteleza. Na kumbuka hizi ni kadirio kutoka jioni 40. Zile jioni 4 za samaki 9, kwa bahati tu, zingeweza kuwa 2 au 6. Jacob Bernoulli, katika kazi iliyochapishwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kufa kwake, alithibitisha kwamba kadiri unavyozidi kurudia, ndivyo sehemu unayoihesabu inavyosogelea uwezekano wenyewe. Hakuahidi kwamba 40 zinatosha.

6.55 yako ni sahihi: 0.4 + 0.75 + 1.5 + 1.4 + 1.6 + 0.9. Mama yako ana haki ya kucheka nusu samaki, lakini hicho si kosa. Thamani tarajiwa haihitaji kuwa mojawapo ya thamani zinazoweza kutokea. Dadu la pande sita lina thamani tarajiwa ya 3.5 na hakuna upande wenye 3.5. Jina ndilo linalopotosha wanafunzi. Wanadhani ni kile unachotarajia kukiona leo jioni. Ni wastani wa muda mrefu, kila thamani ikipimwa kwa uzito wa uwezekano wake.

Ukirudi ilikoanzia utaona kwamba wazo lenyewe lilizaliwa kwenye pesa. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua kuhusu wacheza kamari waliokatizwa mchezo kabla haujaisha: dau ligawanywe vipi kwa haki? Miaka mitatu baadaye Mholanzi Christiaan Huygens akaliandikia kijitabu. Swali lake halikuwa "nani atashinda" bali "nafasi hii ina thamani ya pesa ngapi". Walipima malipo, tokeo kwa tokeo, ndipo wakatafuta wastani. Wewe ulitafuta wastani wa samaki kwanza, kisha ukaubadilisha kuwa pesa. Njia hiyo ingefaa kama faida ingepanda kwa mstari ulionyooka kadiri wateja wanavyoongezeka. Faida ya mama yako haiendi hivyo. Ikifika idadi aliyokaanga, inagonga dari: wateja wawe 8 au 80, sinia la 7 ni la 7. Na chini ya idadi hiyo kila anayelala anakula shilingi 50, kwani alimgharimu 300 akaondoka kwa 250.

Fanya basi kama Huygens. Chukua sinia la 7. Wakiulizwa 4, amepata 600 kwa waliouzwa na kupoteza 150 kwa watatu waliolala: 450. Wakiulizwa 5 ni 650. Wakiulizwa 6 ni 850. Wakiulizwa 7, 8 au 9 ni 1,050 ile ile. Pima kila moja kwa uwezekano wake: 45 + 97.50 + 212.50 + 525. Jumla 880. Hiyo ndiyo thamani tarajiwa ya faida ukikaanga 7. Ile 982.50 uliyomwahidi ingepatikana tu kama mama yako angejua kila asubuhi idadi kamili ya watakaokuja jioni, akaanga hao hao, asibakishe hata mmoja wala asimrudishe mtu. Ulimuuzia utabiri wa mganga kwa jina la takwimu.

Rudia kwa masinia mengine utaona: 6 linaleta 830, 8 linaleta 890, 9 linashuka hadi 860. Mama mdogo, kwa miaka yake ya moshi machoni, yuko kwenye kilele.

Kuna njia fupi zaidi, na mtihani ukiwa na dakika chache itakuokoa. Usiulize sinia zima, uliza samaki mmoja wa ziada. Yule wa nane akinunuliwa analeta 150, na hununuliwa tu jioni ambazo X ni 8 au zaidi, yaani 0.30. Akilala anapoteza 50, kwa uwezekano wa 0.70. Kwa hivyo anachangia 45 kutoa 35, faida ya shilingi 10. Mkaange. Wa tisa: 0.10 mara 150 ni 15, kutoa 0.90 mara 50 ambayo ni 45. Hasara ya 30. Mwache sokoni. Wanauchumi wanaliita tatizo la muuza magazeti, maana gazeti la jana nalo ni samaki aliyelala. Mwanauchumi Francis Edgeworth alishalitumia mwaka 1888 kuuliza benki iweke akiba ya pesa taslimu kiasi gani.

Hapa lakini nitakutetea kidogo. Tofauti kati ya 7 yako na 8 ya mama ni shilingi 10 kwa jioni. Sasa tazama mtawanyiko. Ukikokotoa mkengeuko sanifu wa faida, yaani kipimo cha jinsi faida za jioni mbalimbali zinavyotawanyika kutoka kwenye wastani, sinia la 7 linatoa karibu 203 na la 8 karibu 264. Jioni mbaya kabisa, ya wateja 4, la 7 linamwachia 450 na la 8 linamwachia 400. Kama pesa ya kununulia samaki wa kesho inatoka kwenye mauzo ya leo, au kuna mkopo wa chama wa kulipwa kila wiki, mtu anaweza kuziacha hizo 10 kwa hiari yake ili alale vizuri. Thamani tarajiwa haijui chochote kuhusu mkopo. Kwa upande mwingine, mteja anayekuta sinia tupu anavuka barabara kwa jirani, na anaweza kuzoea huko. Hasara hiyo haimo kwenye jedwali lako, nayo inamvuta mama kwenye 8. Mimi ningekaanga 8. Ila 7 si ujinga, ulifika tu kwa njia isiyo na daraja.

Twende Nandi. Mama yako anapotazama mawingu anafanya uwezekano wa masharti, yaani uwezekano wa jambo ukishajua jambo jingine, na anaufanya vizuri. Kwa jumla X ilifika 8 au zaidi jioni 12 kati ya 40, ndiyo 0.30. Ila ukizitenga jioni 10 za mvua, ni moja tu: 0.10. Katika 30 za ukavu ni 11, takriban 0.37. Peleka namba hizo kwa yule samaki wa nane. Jioni ya mvua anachangia 15 kutoa 45, hasara ya 30. Jioni kavu anachangia 55 kutoa karibu 32, faida ya zaidi ya 23. Zile shilingi 10 zako zilikuwa mchanganyiko wa jioni mbili zisizofanana, robo ya mvua na robo tatu kavu. Mtu anayekaanga 8 kila siku bila kutazama juu anatupa pesa siku ya mvua. Uliandika mvua daftarini, kisha ukaisahau ulipofika kwenye kikokotoo. Wanafunzi wengi hufanya hivyo: taarifa ikishakusanywa, wanadhani kazi yake imeisha.

Angalizo moja tu. Mawingu si mvua. Masharti ya mama yako ni "nimeona mawingu saa kumi", na ya daftari lako ni "ilinyesha". Ongeza safu nyingine ya mawingu, kwa sababu hicho ndicho anachokijua wakati wa kununua.

Binamu yako mwache na kamari zake. Kama jioni hazihusiani, tatu mbaya hazibadilishi ya nne hata kidogo. Uwezekano wa kufika 8 unabaki 0.30 na hakuna mteja anayejua kwamba ana deni la kulipa. Bernoulli hasemi kwamba mabaya yatafidiwa na mazuri. Anasema mabaya machache yatamezwa na wingi wa jioni zitakazofuata, jambo tofauti kabisa. Na kama jioni zinahusiana, basi huenda ni kinyume cha anavyosema: tatu mbaya zaweza kuwa dalili ya msimu wa mvua au ya katikati ya mwezi mishahara ikiwa imeisha, na ya nne ikafanana nazo. Kwa vyovyote vile, 9 hazitoki popote.

Mwenzako wa Poisson ana hoja ya kusikilizwa, kisha ya kukataliwa. Poisson ni kanuni ya kugawa uwezekano kwa hesabu za matukio; Siméon Denis Poisson aliieleza mwaka 1837, na hufaa unapohesabu matukio yanayojitokeza kila moja kivyake, kutoka kwa watu wengi ambao kila mmoja ana nafasi ndogo. Alama yake ni kwamba wastani na varianzi (mkengeuko sanifu kwa kipeo cha pili) hulingana. Pima: wastani wako 6.55. Wastani wa mraba wa X ni 45.05, toa 6.55 kwa kipeo cha pili, 42.90, unabaki na varianzi ya karibu 2.15. Hailingani hata kwa mbali. Poisson yenye wastani huo ingekupa wateja 10 au zaidi kwa uwezekano wa karibu 0.13, yaani kama jioni 5 kati ya 40. Wewe huna hata moja. Mwambie akuonyeshe jioni hizo ziko wapi.

Kwa nini hesabu zako zimebanana hivyo? Nahisi wanaokula ngege wakubwa kwa mama yako ni wale wale: fundi, dereva, mwenye duka la simu. Hapo binomia, kanuni ya kuhesabu wangapi watakuja kati ya idadi maalum ya watu, inakaribia zaidi. Wateja 10 wa kudumu, kila mmoja akija kwa uwezekano wa 0.655, wanatoa wastani huo huo wa 6.55 na varianzi ya 2.26. Usiichukue kama neno la mwisho, kwa sababu binomia inataka kila mmoja aamue kivyake, na mvua huwazuia wote kwa pamoja. Kwa swali la samaki huhitaji jina lolote. Jedwali lako linatosha.

Kabla ya CAT ijayo, fanya hili bila kutazama nilichoandika. Mwenye hoteli anahama, na anayekuja badala yake anatoa shilingi 100 tu kwa samaki aliyelala. Bei nyingine zimebaki zilivyo, na mvua uiweke kando. Mama mdogo akaange wangapi? Ukipata zaidi ya 6, kagua hasara ya anayelala: si 50 tena, ni 200.

Mwalimu